Mlo Mmoja wa Safari: Mkiwa Istanbul na Watoto

Kila likizo ndefu ya shule inapokaribia, swali moja huletwa kwetu kwa sura mbalimbali. Familia imejibana, tiketi zimepatikana, na baba na mama wamekubaliana kwamba siku nyingi za safari zitapita kwa mkate, jibini na matunda ya dukani. Lakini katikati ya siku hizo wanataka mlo mmoja wa heshima: wote wakae mezani, wahudumiwe, wale kitu ambacho watoto watakikumbuka. Mlo huo wautafute wapi, na wautambueje kabla hawajautolea fedha?

Leo nitajibu kwa kuutazama mji mmoja tu, Istanbul. Sababu ni nyepesi. Ndege za Uturuki hutua Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi na Mombasa, na kwa familia nyingi za Kiislamu za kwetu mji huo umekuwa ndio mlango wa kwanza wa kutokea nje. Wapo wanaopita hapo wakielekea Ulaya, wapo wanaopeleka vijana vyuoni, wapo wanaosindikiza wagonjwa, na wapo wanaokwenda kutembea tu. Tena ni mji unaomlegeza mzazi. Adhana inasikika, minara imesimama kila upande, na mtu hujiambia kwamba hapa hakuna la kuuliza.

La kuuliza lipo, ila si lile tulilozoea kuuliza. Kuhusu nyama, Uturuki ni nchi ya Waislamu, wachinjaji ni Waislamu, na msafiri ana haki ya kujengea dhana njema sahani aliyowekewa na Mwislamu mwenzake. (Dhana hiyo usiibebe hadi London. Huko nyama huulizwa cheti, na hata taasisi zinazotoa vyeti hazikubaliani juu ya kumpiga mnyama bumbuwazi kabla ya kuchinjwa: HMC hawalikubali kabisa, HFA wanalikubali kwa masharti.) Istanbul jambo la kuangalia ni pombe. Migahawa mingi, hasa ya maeneo ya watalii, ina bia na divai kwenye orodha ileile yenye supu na kababu. Mahali palipoandikwa *meyhane* ni nyumba ya kunywea, hata kama samaki wake wanasifiwa mji mzima. Kuhusu hukumu ya kukaa katika ukumbi ambao wengine wanakunywa meza ya pili, wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na kila mtu ana shekhe wake wa kumuuliza. Mimi nasema kama mzazi tu: mlo huu mnautafuta kwa ajili ya watoto, na mtoto hula kwa macho kabla hajala kwa mdomo. Atakachokiona meza ya jirani kitaingia katika kumbukumbu ya sikukuu yake pamoja na wali na nyama. Na kwa kuwa mji umejaa migahawa mizuri isiyouza kileo, sioni dharura ya kumkalisha penye kileo.

Sasa niseme juu ya kitu ambacho familia zetu huuziwa mara kwa mara, kwa sababu ndicho kinachomeza bajeti yote ya mlo maalumu. Ni meli ya chakula cha usiku kwenye mlango-bahari wa Bosphorus. Wakala au mtu wa mapokezi hotelini huionesha picha: madaraja yamewaka taa, meza imevaa kitambaa cheupe, watoto wanacheka. Picha haioneshi yaliyobaki. Safari hizo huchukua saa tatu hivi, usiku, pamoja na muziki mkubwa na mara nyingi wachezaji wa kukata viuno. Ukilipia meza isiyo na pombe utapewa, ni kweli, lakini ukumbi ni mmoja na jukwaa ni moja. Na tofauti yake na mgahawa wa nchi kavu ni hii: meli ikishang'oa nanga huwezi kusimama na kuondoka. Mtoto wa miaka 4 akilala saa tatu usiku mapajani mwako, muziki ukimshtua, akalia, utakaa naye hapohapo hadi nahodha aamue kurudi. Sijaona sababu ya kulipa fedha nyingi ili kununua kizuizi.

Kama ni maji watoto wanayotamani, na wana haki ya kuyatamani, feri za kawaida za mji zipo. Zinavuka kutwa kutoka Eminönü upande wa Ulaya hadi Üsküdar na Kadıköy upande wa Asia, kwa kadi ileile ya mabasi na treni, na nauli yake haikaribii hata kidogo bei ya meli ya usiku. Nunueni *simit*, ile mikate ya duara iliyopakwa ufuta, kaeni nje, muwaache watoto wawarushie shakwe vipande. Kuvuka kutoka bara moja kwenda jingine, mkate mkononi, mchana kweupe: mtoto wa darasa la tatu ataieleza safari hiyo shuleni muhula mzima.

Nimesema mchana, na hili nalishikilia kuliko yote. Mlo maalumu wa familia yenye watoto wadogo ni wa mchana. Sisi watu wazima tumezoea kuihesabu heshima ya chakula kwa usiku na taa, na huko ni kujifikiria wenyewe. Mtoto aliyetembezwa tangu asubuhi, akapandishwa ngazi za misikiti na kushushwa, jioni hana njaa; ana usingizi, na usingizi wa mtoto hufanana sana na utundu. Mchana, baada ya Adhuhuri, tumbo lake limefunguka na roho yake ipo. Tena Istanbul ina aina ya mgahawa ambao ubora wake wenyewe ni wa mchana.

Waturuki huuita *esnaf lokantası*, yaani mgahawa wa watu wa kazi: mafundi, wenye maduka, makarani. Chakula hupikwa asubuhi na kupangwa nyuma ya kioo, sufuria kwa sufuria na sinia kwa sinia, na mteja hupita akitazama. Mabilinganya yaliyojazwa nyama ya kusaga, maharage mabichi ya mafuta ya zeituni, kondoo aliyechemka hadi kujiachia mfupani, wali, supu ya dengu. Vizuri zaidi huisha mapema, na baadhi ya migahawa hiyo jioni imeshafunga. Kwa familia yenye watoto sijui utaratibu ulio bora kuliko huu. Hakuna orodha ya kusomeshana, hakuna kungoja nusu saa huku mtoto akimwaga chumvi mezani, na hakuna sahani inayokuja ikiwa tofauti na ilivyodhaniwa. Mtoto anaona, anaonesha kwa kidole, anapewa.

Na lipo neno moja dogo linalofaa kujifunza kabla ya kupanda ndege: *az*. Maana yake kidogo. Ukisema *az pilav*, utapata sahani ndogo ya wali kwa bei ndogo. Kwa neno hilo watoto watatu wanaweza kuonja vyakula sita bila kutupa kitu wala kumfilisi baba yao. Asiyetaka pilipili aseme *acısız*, linatamkwa "ajisiz". Na swali la pombe ni *alkollü içki var mı*, "ichki var mi". Mhudumu wa mahali pasipouza hujibu *yok*, hakuna, mara nyingi kwa fahari.

Muwape watoto kazi ya maneno. Lugha ya Kituruki na ya kwetu zimechota kisima kimoja, na mtoto akishatambua hivyo mgahawa hugeuka mchezo. *Çay* ni chai, *kahve* ni kahawa, *pilav* ni pilau, *kitap* ni kitabu, *dünya* ni dunia, na mwisho wa yote *hesap* ni hesabu, ile ya kulipa. Binti yangu mdogo aliposikia mhudumu anamwambia *merhaba*, alishangaa amejibiwa kabla hajaamkia, akaona aibu, akasema "shikamoo" haraka ili mambo yakae sawa. Mzee yule hakuelewa neno, lakini adabu aliielewa, na alimletea kipande cha halua ambacho hakikuwamo kwenye hesabu.

Hiyo ilikuwa mtaa wa mbele ya Msikiti wa Süleymaniye, nao ndio mlo ninaoutaja kwanza kila ninapoulizwa. Msikiti ulijengwa na Sinan kwa amri ya Sultani Süleyman na kukamilika mwaka 1557. Mbele yake, kwenye safu ya majengo yaliyokuwa madrasa, kuna migahawa midogo iliyopanga meza zake nje, na sifa yake yote ni sahani moja: *kuru fasulye*, maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwa kitunguu, nyanya na siagi, yakaletwa na wali na kachumbari ya siki. Ndiyo, msomaji, wali maharage. Kijana wetu wa miaka 14 alitazama sahani, akanitazama, akauliza kwa upole wa kutisha: "Mama, tumekaa angani kwa saa saba kuja kula wali maharage?" Baba yake akamwambia ale kwanza, malalamiko yataandikwa baadaye. Alirudia sahani. Hayakuandikwa.

Ninaipendekeza sahani hii kwa sababu mbili ambazo bei haimo, ingawa bei nayo ni ya kirafiki. Ya kwanza ni mtoto mdogo. Asiyekubali kitu kigeni kinywani atakubali wali maharage, na mama hatalazimika kufungua mkoba wa biskuti mezani. Ya pili ni pale mlipokaa. Süleymaniye haukuwa msikiti peke yake. Ulikuwa mji mdogo wa wakfu, wenye madrasa, hospitali, hamamu na *imaret*, yaani jiko la kulisha watu. Katika jiko hilo walilishwa wanafunzi, watumishi wa wakfu, maskini na wasafiri, na gharama zilitokana na mapato ya vijiji na mali zilizowekwa wakfu. Mwambieni mtoto hayo wakati anakula. Msafiri aliyetoka mbali alikuwa na haki katika chungu cha hapo, kwa sababu tu ni msafiri. Nilimwona yule yule mwenye swali la wali maharage akigeuka kutazama jengo ambalo nusu saa kabla alilipita akiangalia simu yake.

Njia ya kufika nayo ina busara yake. Kutoka Eminönü ni mlima mkali, na kigari cha mtoto juu ya mawe yale ni adhabu. Afadhali mshuke kituo cha tramu cha Beyazıt, mpite karibu na soko kubwa la kale, mkatize taratibu. Mswali Adhuhuri Süleymaniye, na ambaye safari yake inamruhusu kukusanya na kupunguza aswali pamoja na Alasiri, ili mle bila kuangalia saa. Baada ya kula kuna uwanja nyuma ya msikiti unaotazama maji ya Haliç na Bosphorus, ambako watoto wanaweza kukimbia huku wakubwa wakimalizia chai.

Mlo wa pili ninaouchagua uko ng'ambo, Üsküdar, karibu na gati la feri. Kanaat Lokantası ni mgahawa wa tangu 1933, hauuzi kileo, na ukumbi wake ni mkubwa wenye kaunta ndefu ya vyakula na nyingine ya vitamu. Jina lake mzazi ataling'amua bila mkalimani: ni kinaa, kukinai, kuridhika na ulichopewa. Hapa mtoto mkubwa apewe mamlaka kamili. Sisi tulimpa kila mmoja haki ya kuchagua sahani moja ambayo hajawahi kuiona na moja ya kitamu, kwa sharti kwamba aionje kabla ya kuisema. Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula, akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Sunna hiyo ni rahisi kuihubiri nyumbani kwenye ubwabwa wa kila siku. Penye bilinganya lililojazwa nyama ndipo inapopata kazi. Mwanetu wa katikati alichagua kitamu cheupe kilichoonekana kama faluda nzito, na baada ya kukisifu ndipo mhudumu alipomweleza kwamba *tavukgöğsü* hupikwa kwa nyuzi za kifua cha kuku ndani ya maziwa na sukari. Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea.

Anayetaka kitambaa mezani na utulivu zaidi yuko Hacı Abdullah, mtaa wa Beyoğlu karibu na Taksim, mgahawa wa tangu 1888 usiouza kileo, katika mtaa ambao majirani zake wengi wanauza. Bei yake ni ya juu kuliko hiyo miwili. Kwa familia ya watu watano fanyeni hesabu kabla ya kuingia. Na aliye na saa chache tu kati ya ndege na ndege, apite Sultanahmet ale *köfte*, vidonge vya nyama vya kuchoma, na saladi ya maharage. Nyumba ya zamani ya biashara hiyo pale Divanyolu ni ya tangu 1920. Jihadharini tu na majina yaliyofanana jirani yake.

Fedha. Penye watalii wengi kuna wapiga debe, na wa Istanbul hawana cha kujifunza kwa wale wa stendi zetu. Chini ya daraja la Galata mtu atakuita "my friend", atambeba mtoto wako, atakwambia yeye pia ni Mwislamu, na kabla hujajibu umeshakaa. Kumjibu salamu ni wajibu. Kukaa si wajibu. Tazama orodha ya bei mlangoni. Pasipo na bei, salimia na uendelee. Samaki mara nyingi huuzwa kwa uzito, kwa hiyo bei ya samaki huyu, aliyeko mbele yako, ulizwe kabla hajakwenda jikoni. Vilevile uliza kama vile visahani vidogo vinavyoletwa bila kuagizwa vinalipiwa. Yote haya yaulizwe na mtoto mkubwa, kwa heshima, huku baba akisimama nyuma yake. Kijana atakayeweza kuuliza bei kwa lugha ya watu bila kuona haya, na kusema asante akaondoka bila kununua, amepata elimu ambayo ada yake ni ghali mahali pengine.

Jambo dogo la fikihi linaloweza kuzua mjadala mezani: mtaani wanauza kome waliojazwa wali, *midye dolma*, kwa ndimu. Sisi wa pwani tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi hatuna taabu na viumbe wa baharini. Waturuki wengi ni Hanafi, na katika madhehebu yao kome haliwi. Kwa hiyo mkimwona mwenyeji mcha Mungu anawakataa, asidhaniwe ana madaha, naye asiwadhanie nyinyi vibaya. Mimi kwa watoto nimewakataza kwa sababu isiyo ya fikihi kabisa: kome waliokaa juani kutwa kwenye sinia la mchuuzi si chakula cha mtu mwenye ndege kesho.

Limebaki moja, nalo naliandika kwa akina baba. Katika mlo huu ambao nyote mmeungojea, mtazameni mama. Tabia yetu ni kwamba yeye hukaa kwenye kona ya meza penye njia, mtoto mdogo mapajani, akakata nyama za wengine, akapuliza supu ya huyu, akamfuta yule, na anapofikia sahani yake siagi imeganda. Kisha tunasema tumekula vizuri. Mlo maalumu ambao mtu mmoja hakuula haujakamilika. Waturuki wanapenda watoto kupita kiasi; mhudumu ataleta kiti kirefu cha mtoto ukikitaja, na mara nyingi atamchukua mtoto mwenyewe akamwoneshe jiko. Mwacheni, mkimtazama. Mtoto mdogo akae upande wa baba, mama akae upande wa ukuta, na sahani yake iagizwe mwisho ili ifike moto wakati wengine wameshatulia. Tulifanya hivyo Üsküdar kwa pendekezo la mume wangu mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile nikala kondoo kwa mikono miwili.

Chakula kikibaki, msikiache. Neno ni *paket*. Watakifunga vizuri bila kuwatazama vibaya, pamoja na mkate uliosalia. Usiku wetu wa Süleymaniye, saa nne, tulisikia karatasi zikichakarishwa gizani chumbani hotelini. Alikuwa kijana wa miaka 14, amekaa sakafuni kando ya dirisha, anakula wali maharage uliopoa.